Kijiko cha Mama Mkwe

Kuna watu wanaapa kwamba mcheza karata hana magoti, akishakaa hainuki mpaka nyumba iungue. Watu hao hawajamwona Baridi. Baridi huinuka mikono juu, vidole kavitanua, kama mwizi aliyekutwa ndani ya nyumba ya watu, na huinuka hivyo hata karata zake ziwe tamu namna gani. Jirani wa jengo la pili, anayeona sebule yao kupitia dirisha la jikoni kwake, alishawahi kuja mbio kuuliza kama kuna mgonjwa. Akaambiwa hakuna mgonjwa, kuna mke tu.

Jina la Baridi alipachikwa kazini. Ni fundi wa majokofu na vyumba vya barafu, ameajiriwa katika karakana iliyo nyuma ya kituo cha mafuta, na gari lake la kazi linanuka oili ya kompresa na chai iliyomwagika. Lakini waliompa jina hawakuangalia majokofu peke yake. Ukishaziba tundu kwenye mabomba ya mtambo, kabla hujatia gesi mpya, lazima ufunge pampu ifyonze hewa na unyevu wote uliobaki ndani, na pampu hiyo haiharakishwi. Inanguruma saa nzima, wakati mwingine zaidi, na mwenye bucha amekusimamia mlangoni anakutolea macho huku nyama zake zinaanza kulegea. Mafundi wengi uvumilivu huwashinda. Wanakata pampu katikati, wanatia gesi, mtambo unawaka, mteja anashangilia, na baada ya muda si mrefu mtambo umekufa tena. Baridi hakati. Anageuza ndoo, anaikalia, anatazama mshale wa geji, na mwenye bucha anaweza kulalamika mpaka mate yamkauke.

Mtu wa namna hiyo alipokutana na poka ya mtandaoni, walielewana mara moja. Wengi wanadhani poka ni ushujaa. Wapi! Sehemu kubwa ya poka ni kutupa karata mbovu, kutupa tena, na kutupa tena, huku kidole kinakuwasha. Baridi alicheza zile meza za kawaida za chipu, vile vidude vinavyosimama badala ya pesa, si mashindano. Mashindano yanakufunga mpaka uishe wewe au waishe wenzako. Kwenye meza ya chipu unakaa ukitaka, unabeba chako unaondoka ukitaka, na hakuna wa kukushika shati.

Alicheza Jumanne na Alhamisi akitoka kazini na kuoga, na Jumamosi mchana. Ndani ya gari la kazi hakucheza, hata pampu ingenguruma mpaka jua lizame. Siku ambayo msimamizi wa karakana amemfokea hakucheza, maana mwenye hasira huona karata nzuri mahali zisipokuwepo. Kulikuwa na kapu la mchezo na kapu la nyumba, na makapu hayo hayakusalimiana, isipokuwa la mchezo likifurika. Lilipofurika mara ya kwanza lilinunua kitanda cha ghorofa cha wasichana wao wawili. Mara ya pili lilinunua mashine ya kufulia, ambayo mpaka leo mkewe huipigapiga mgongoni kama mtoto anayecheulishwa.

Sasa huyo mke. Ni mpishi katika jiko la hospitali, mwanamke wa kucheka sana na kusahau kidogo, na kuna neno moja ambalo hakulisahau. Alipokuwa na miaka minane, mama yake alishikwa na uchungu mchana wa jua kali. Akatumwa mbio kumwita baba yake, aliyekuwa mtaa wa pili kwenye meza ya karata. Akasimama mlangoni akihema, akasema baba, mama anajifungua. Baba yake hakugeuza hata shingo. Alisema, "Subiri. Mkono huu mmoja tu." Mtoto akasubiri, na kwa vile alikuwa na adabu akasubiri kimya. Walipofika nyumbani, mdogo wake wa kiume alikuwa ameshazaliwa sebuleni kwa jirani, juu ya zulia la jirani, na jirani huyo hakuacha kulitaja zulia lake mpaka alipohama.

Mdogo mtu leo ni jitu zima, dereva wa lori, hana alama hata moja ya zulia. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Baridi alipomwambia mkewe kwa mara ya kwanza kwamba anacheza poka, mke hakumuuliza kuhusu pesa hata kidogo. Alikwenda jikoni, akarudi na kijiko cha chuma na mfuniko wa sufuria.

"Sikukatazi," alisema. "Ila nikigonga hivi, unainuka. Si baada ya mkono huo. Si ukimaliza kubonyeza. Mikono juu niione, na uje. Na siku utakayoniambia subiri, mume wangu, siku hiyo unaifunga hiyo akaunti kwa kidole chako mwenyewe, na hatuongei tena habari hiyo."

"Hata nikiwa na karata nzuri?"

"Hasa ukiwa na karata nzuri."

Akakubali. Na sheria ikawa sheria. Kijiko kililia wakati wa kutoa takataka, wakati binti mdogo anataka kumwonesha buibui, wakati mke amekumbuka tu kichekesho cha kazini. Simu ya msimamizi wa karakana nayo ikahesabiwa kuwa kijiko, kwa sababu chumba cha maziwa kikifa hakingoji mtu. Wasichana walipenda sana ile mikono juu. Walikuwa wakiigiza shuleni, na mwalimu wa mkubwa aliwahi kuuliza kwa upole kama nyumbani kuna amani.

Miaka ikaenda hivyo, kila mtu na raha yake, mpaka hospitali ilipomchagua mke kwenda kusoma. Yalikuwa mafunzo ya mji mwingine, miezi miwili, na akirudi jiko zima litakuwa chini yake: mapishi ya wagonjwa wa sukari, ya wagonjwa wa figo, wapishi wote, stoo yote, na ufunguo. Alirudi nyumbani siku hiyo hakuweza kukaa. Alizunguka meza akisema, "Ufunguo, Baridi! Ufunguo wa stoo!" Miaka yote alikuwa akiomba mafuta ya kupikia kwa mtu asiyejua tofauti ya mdalasini na maganda ya mti.

Tatizo lilikuwa watoto. Baridi hutoka kabla jua halijachomoza, na akiitwa huitwa saa yoyote. Lazima apatikane mtu mzima wa kukaa nao, na mtu huyo alikuwa mmoja tu, naye ni mama mkwe.

Alikuja Jumatatu na begi moja, begi la mtu asiye na nia ya kukaa. Baridi akamwamkia, akampokea begi, akamvutia kiti. Mama mkwe akaketi, akaitazama kompyuta kwenye kona ya dirisha, akasema:

"Ndiyo hiyo?"

"Ndiyo hiyo, mama."

"Mwanangu ameniomba nikae. Wajukuu nawapenda, na wewe sina ugomvi nawe, unamlisha mwanangu na hunywi. Lakini mimi nimeishi na karata chini ya paa moja mpaka nikazeeka kabla ya siku zangu. Sikai tena. Ifungeni hiyo, nami nafungua begi."

"Mama, ni mchezo mdogo tu, nina mpaka wangu..."

"Bandu bandu huisha gogo."

"Haba na haba hujaza kibaba, mama," alisema Baridi, kwa heshima zote.

"Kibaba chenye tundu?"

Mke akajitumbukiza katikati kabla mambo hayajachacha. Akamweleza mama yake sheria ya kijiko, mwanzo mpaka mwisho. Mama mkwe alisikiliza huku akitabasamu, tabasamu la mtu anayeuziwa ng'ombe wa karatasi.

"Anakuinukia wewe kwa sababu unagonga akiwa na karata mbovu," alisema. "Wewe hujui. Nipeni mimi hicho kijiko mpaka Jumapili. Akiinuka kila mara, nakaa miezi miwili, na sisemi neno kuhusu karata tena. Akisema subiri, au akichelewa hata kidogo, anaufunga mchezo wake milele. Na nisikaripiwe kuhusu wakati wa kugonga."

Baridi alimtazama mkewe. Mikono ya mke ilikuwa imeshikana kwa nguvu, na Baridi akajua hapo si mchezo wake peke yake uliowekwa mezani. Ufunguo wa stoo nao ulikuwa umewekwa. Akakiokota kijiko, akampa mama mkwe kwa mikono miwili.

Jumanne ilikuwa vita. Kijiko kililia kumtaka Baridi asogeze kiti ambacho hakikuwa njiani. Kikalia kumuuliza saa ngapi, na saa ya ukutani iko juu ya kichwa cha muulizaji. Kikalia mara ya tatu, akaenda mbio mikono juu, akamkuta mama mkwe amekaa tu.

"Naam, mama?"

"Hakuna. Nilitaka kuona."

"Umeona?"

"Nimeona. Rudi."

Alhamisi, Baridi hakuwa amekaa sana kabla simu haijalia. Msimamizi wa karakana: chumba cha maziwa kimekufa, njoo sasa hivi. Wakati huo alikuwa na chipu nyingi mbele yake na mchezaji mmoja kichaa upande wa kushoto anayezigawa kama njugu. Aliinua mikono juu kwa mazoea, ingawa hapakuwa na kijiko, akachukua mkoba wa vifaa, akatoka. Kule kwenye maziwa alikuta valvu inavuja, akaziba, akafunga pampu, akakalia ndoo yake huku meneja wa maziwa akitembea huku na huko na kuita watakatifu wote anaowajua. Maziwa yalipona.

Aliporudi, wasichana walikuwa wanamsubiri na habari.

"Baba, bibi alikuwa anafuta vumbi kwenye kompyuta," alisema mkubwa.

"Alifuta sana," alisema mdogo. "Mpaka ikajizima mwenyewe."

Mama mkwe, aliyekuwa anamenya vitunguu, hakuinua kichwa. Baridi akadhani anatafuta ushahidi dhidi yake, akaenda kulala na moyo mzito.

Ikafika Jumamosi. Jua linapiga zulia, wasichana wako chini wanapanga vifuniko vya chupa, mke anapiga pasi nguo za kuvaa mafunzoni kana kwamba mama yake ameshakubali kukaa, maana alikuwa hawezi kukaa bure kwa wasiwasi. Jikoni sufuria ya maharage inachemka na mama mkwe yuko huko. Tangu asubuhi hajagonga hata mara moja. Ukimya ule ulimtisha Baridi kuliko kelele za Jumanne.

Mezani alikuwepo Kobe. Huyo ni mchezaji ambaye Baridi hajawahi kuiona sura yake, anajua tu picha ya kobe na tabia yake. Kila kompyuta inapompa mchezaji muda wa kuamua, mstari mwembamba wa kijani unapungua polepole chini ya jina lake, na ukiisha hujabonyeza karata zako zinatupwa; Kobe huutumia wote, mpaka ncha ya mwisho, hata kama anatupa karata. Walikuwa wamesumbuana kwa miezi. Kobe alikuwa amemla Baridi mara nyingi kuliko Baridi alivyomla Kobe, na jambo hilo lilimkera kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Baridi akapewa tisa mbili. Kwa asiyejua: karata mbili ni zako peke yako, na tano zinafunuliwa katikati za kutumiwa na wote. Zikafunuliwa tatu za kwanza: tisa, mfalme, tisa. Tisa zote nne za karata nzima zilikuwa zake. Kobe akatumia mstari wake wote, akaongeza dau. Baridi akamfuata taratibu. Ikaja nne. Kobe akafikiri mpaka mwisho, akaongeza tena. Ikaja mbili. Hapo hapakuwa na karata duniani ya kumshinda Baridi, hata ungeitafuta na tochi, na Kobe bila shaka alikuwa na wafalme na anajiona amefika. Mstari wake ukapungua, ukapungua, na kwenye ncha kabisa akasukuma chipu zake zote katikati.

Kilichobaki ni kubonyeza mara moja. Neno "Kubali" lilikuwa linawaka. Kidole cha Baridi kilikuwa juu ya kitufe, karibu kiasi kwamba alihisi ubaridi wake.

Kijiko kikalia.

Mkono wa mtu una akili zake. Wake ulitaka kushuka. Kushuka kwenyewe kungechukua muda gani? Nani angeona? Mama mkwe yuko jikoni, mke amegeukia pasi. Lakini Baridi aliona kitu kingine: mtoto wa miaka minane amesimama mlangoni anahema, anangoja kwa adabu. Mikono ikapanda juu. Akainuka, akaiacha kompyuta nyuma yake ikimhesabia muda, akaingia jikoni na vidole vyote kumi hewani.

Mama mkwe alikuwa ameshika upawa.

"Onja chumvi," alisema.

Baridi akaonja. Hakusikia ladha ya chochote. "Imetosha, mama," akasema.

Mama mkwe akamwangalia usoni. Akauweka upawa chini. "Ulikuwa na nini?"

"Tisa, mama."

"Ngapi?"

"Zote."

"Zote nne?" Macho yakamtoka. "Na chini kulikuwa na nini?"

"Mfalme, nne na mbili."

"Mfalme mmoja tu? Hakuna ree?"

"Hakuna ree."

"Na mwenzako?"

"Ametia zote."

Kijiko kikamponyoka mama mkwe, kikaanguka sakafuni, na mfuniko ukakifuata. "Wee mtoto!" alipiga kelele. "Tisa nne, mtu ametia zote, na wewe unakuja kuonja chumvi? Huna akili? Si ungebonyeza kwanza!"

"Mama!" Mke alikuwa amefika mlangoni, pasi mkononi.

"Niache! Tisa nne! Hizo mtu anaziona mara moja maishani, na wengine hawazioni!" Kisha akawa kama aliyesikia anayoyasema. Akavuta kigoda akakaa. Mke na Baridi wakatazamana. Mama huyu, aliyesema hataki kulala chini ya paa moja na karata, alikuwa anazijua karata kuliko wote waliomo ndani.

"Mnashangaa nini?" alisema. "Nani alikuwa anawapelekea chai? Miaka yote ile nimesimama nyuma ya mabega yao na birika. Nilijua anayejikuna ana nini na anayekohoa ana nini. Marehemu alikuwa hata hajui kucheza, maskini. Nilikuwa natamani kumwambia, tupa hiyo baba, tupa, lakini mwanamke wa chai haulizwi." Akafuta macho kwa kiganja cha mkono, na ingawa vitunguu vilikuwepo hakuvisingizia. "Yule mwanaume alishika takataka mkononi, takataka ya kutupa jalalani, na akamwambia mtoto wangu asubiri. Takataka, Baridi. Na wewe umeacha tisa nne kwa ajili ya chumvi."

Baridi alikuwa bado ameinua mikono. Mkewe akaishusha mmoja mmoja.

"Miaka yote nimezilaumu karata," alisema mama mkwe. "Kumbe hazimshiki mtu. Mtu ndiye anayezishika." Akainuka, akajikung'uta. "Nakaa. Nileteeni begi langu nifungue. Na wewe, mama wa ufunguo, Jumatatu uondoke kabla sijabadili nia."

Loo! Mke alipiga ukelele mpaka jirani wa jengo la pili akafungua dirisha. Akamkumbatia mama yake na pasi mkononi, akakumbushwa pasi, akaiweka, akamkumbatia upya. Wasichana wakaja mbio wakaingia katikati bila kujua wanashangilia nini. Baridi alisimama pembeni akicheka peke yake, amepoteza mkono mkubwa kuliko yote ya maisha yake, na hakumbuki siku aliyowahi kushinda hivyo.

Maharage yalikuwa bado yanahitaji moto kidogo. Mama mkwe akakohoa. "Huyo aliyetia zote," alisema kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya kitu asichokihitaji, "bado yupo?"

Alikuwa bado yupo, na chipu za Baridi zilizosalia zilikuwa bado mbele ya kiti chake. Mama mkwe akavuta kiti, akakaa nyuma ya bega la kulia la Baridi, mahali pake pa zamani, safari hii bila birika. Wakatupa karata mbovu. Wakatupa tena. Mama mkwe alikuwa anaguna kwa kuridhika kila ilipotupwa.

Ndipo Baridi akapewa sita mbili, na katikati zikafunuliwa karata kubwa kubwa za kutisha mtu mwenye sita: malkia, kumi, mfalme. Kobe akaongeza dau. Zikaja mbili na tano, zisizosaidia mtu. Na Kobe, papo hapo, bila kungoja, akasukuma zote.

Baridi alihisi kitu kikimgusa mgongoni, na hakujua kama ni wazo lake au ni kidole cha mama mkwe.

"Umeona?" alinong'ona mama mkwe. "Alhamisi nilimtazama muda wote, yule anafikiri hata akitupa. Leo mbio za nini? Mwenye mzigo huenda polepole."

"Hana kitu," alisema Baridi.

"Hewa tupu."

Akabonyeza "Kubali." Chipu zote za wote wawili zikaenda katikati. Kabla karata za Kobe hazijageuzwa, kijiko kikalia. Mke alikuwa amekiokota sakafuni, na chakula kilikuwa mezani.

Baridi akarusha mikono juu, akainuka, akageuza mgongo. Mama mkwe hakuinuka. Alikuwa ameinama mbele, macho yamegandana na kioo, na bila kugeuza hata shingo akasema:

"Subiri! Huu mmoja tu!"

Wasichana waliacha vifuniko vyao. Mke alisimama mlangoni na kijiko hewani, na kwa kitambo uso wake ulikuwa wa miaka minane.

Kisha akaanza kutetemeka mabega, na kilichomtoka kilikuwa kicheko. "Mkuki kwa nguruwe, mama!"

"Nimesemaje?" Mama mkwe alikuwa amegeuka. Rangi ilikuwa imemtoka. Akajigusa mdomo. "Hata sikulisikia likitoka," alisema polepole. "Ndivyo lilivyokuwa linamtoka na yeye. Hakuwa hata analisikia." Alikaa nalo kidogo, na hakuna aliyemharakisha. Halafu akainua mikono, yote miwili, juu kabisa, vidole kavitanua kama alivyomwona mkwewe, akainuka akaja mezani. Wajukuu walishangilia mpaka mmoja akaanguka kitini.

Walikula wakiwa wamekipa kioo mgongo. Kompyuta ililia mlio wake mara moja, na hakuna aliyegeuka. Mdogo aliomba ruhusa ya kuchungulia, akanyimwa na bibi yake. Chumvi, kusema ukweli, ilikuwa imezidi, na kila mtu akaongeza chakula.

Wakati sahani zinaondolewa, mama mkwe alikuwa wa kwanza kufika dirishani. Kumbukumbu ya mkono ule ilimwonesha Kobe na nane na saba. Hewa tupu, kama alivyosema, na sita mbili za Baridi zilikuwa zimebeba mlima mzima. Mama mkwe alipiga kofi mezani, akapiga kigelegele, akacheza pale pale na kitambaa cha sahani begani, na mkewe Baridi akamwangalia mama yake akicheza kwa sababu ya karata, akaona ameshaona yote, hata kama hatarudi na ufunguo wowote.

Lakini ufunguo aliufuata. Jumatatu asubuhi alisimama mlangoni na sanduku lake na nguo zilizopigwa pasi mara mbili, akawabusu watoto, akamkumbatia mama yake. Mama mkwe alinyoosha mkono kupokea kijiko, maana ndiyo kawaida, mkubwa wa nyumba ndiye anayeshika.

Mke akampita, akamkabidhi Baridi.

"Jumanne, Alhamisi na Jumamosi," alimwambia sikioni, "ukiona chakula kinapoa na mama haji mezani, wewe gonga."